Mgonjwa hataki mkono mweusi, na meneja amemkubalia

Shikamoo Mama Nesi,

Nakuandikia nikiwa Likoni, kwenye baraza ya nyumba ya mamangu, saa kumi na moja alfajiri kabla hawajaamka. Leo ni tarehe 3 Julai. Tarehe 12 natakiwa nipande ndege kurudi Uingereza, na kila nikiliona sanduku langu pale ukutani tumbo hunikata. Hapa nyumbani mimi ndiye niliyefaulu. Majirani wanakuja kunipa mkono kama niliyetoka Hija. Binamu zangu wawili wameniletea vyeti vyao niwatafutie kazi. Sina mtu wa kumwambia haya, ndiyo maana nakuandikia wewe nisiyekujua.

Nilisomea uuguzi KMTC hapa hapa Mombasa, nikafanya kazi miaka sita, kisha 2023 nikaomba mwenyewe kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Lincolnshire. Jina la kijiji naliacha. Ni mashamba ya kabichi na viazi mpaka macho yachoke, basi la abiria hupita mara mbili kwa siku, na Jumapili halipiti kabisa. Mtihani wa lugha nilipita, wa kompyuta nilipita, na ule wa vitendo nilipita mara ya kwanza. Nayasema haya usije ukadhani niliingia kwa mlango wa uani.

Wazee wako 38. Usiku nesi huwa mmoja, na wasaidizi wote ni wanawake wa pale kijijini. Weusi tulikuwa wawili. Mwenzangu Mnaijeria aliondoka mwaka jana bila kuniaga, nami simlaumu.

Yuko mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau. Nikimkaribia hupiga kelele nitolewe, na siku nyengine hunishika mkono akaniita kwa jina la dada yake. Huyo sina neno naye. Neno langu ni mama wa chumba nambari 12. Huyu akili zake ni timamu, anasoma gazeti kila siku na anajaza fumbo la maneno kwa kalamu ya wino. Ana kisukari. Mwezi wa Februari nilimpelekea sindano yake ya saa nne usiku, akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Nataka nesi wa kweli." Nikamwambia nesi wa zamu ni mimi. Akasema hajui mikono yangu imeshika nini. Nikavaa glovu mbele yake. Akasema hiyo haibadilishi kitu.

Nilikwenda kwa meneja nikitaraji atazungumza naye. Zamu iliyofuata nilipoingia ofisini nikakuta pameandikwa ubaoni, kwenye safu ya chumba 12: "Hali samaki." Chini yake: "Anapendelea wafanyakazi Wazungu." Chini yake tena: "Dirisha libaki wazi." Hati ni ya meneja mwenyewe, kalamu ya kijani.

Tangu siku hiyo inanibidi nimpigie simu nesi wa nyumba nyengine ya kampuni hiyo hiyo, mwendo wa maili kumi, aje kumdunga sindano mgonjwa niliye naye mlango wa tatu. Mara mbili amechelewa na sukari ya yule mama ikapanda. Meneja alinihamishia zamu za usiku moja kwa moja, akasema usiku wazee wamelala, hawatasumbuka. Na akaniambia nisilitie moyoni, hawa ni watu wa zamani.

Mwezi wa Aprili nililalamika kwa maandishi. Barua ya majibu niliyopata, ya tarehe 28 Aprili, haikugusa ule ubao hata kidogo. Ilisema wasaidizi hawaielewi lafudhi yangu ninapokabidhi zamu, na kwamba hali isipobadilika itabidi jina langu lipelekwe NMC, baraza la wauguzi la kule. Yaani mimi niliyelalamika ndiye niliyeshtakiwa.

Siyo kwamba wote ni wabaya. Agosti 2024, zilipozuka fujo za kuwaandama wageni baada ya wale watoto watatu kuuawa Southport, niliogopa hata kusimama kituoni. Jirani yangu, mkulima mzee ambaye tulikuwa hatujawahi kuzidi "habari ya asubuhi", alinipeleka kazini na kunirudisha kwa pikapu yake siku nne. Hakusema neno, alifungulia redio tu. Meneja naye alitutumia ujumbe wafanyakazi wote kutukumbusha kwamba atakayekosa zamu atoe taarifa mapema.

Sasa nifanye nini? Mume wangu anasema nirudi, tutakula hicho hicho. Mamangu nilimgusia kidogo akanijibu mvumilivu hula mbivu. Nyumba anayosema hayo ndani yake mabati yake nimeyanunua mimi, na watoto wangu wawili wanasoma kwa hizo hizo pesa. Mkataba unasema nikiondoka kabla ya miaka mitatu nilipe pauni 5,000, na viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyo. Chama cha wauguzi, RCN, hunikata pesa kila mwezi tangu nilipofika, lakini sijawahi kuwaambia lolote. Na yule mama wa chumba 12, nimjibu vipi?

La mwisho naona haya kuliandika. Siku hizi, kabla sijamgusa mgonjwa yeyote, huitazama mikono yangu. Hata hapa nyumbani. Juzi nilikuwa nampaka mamangu mafuta mgongoni nikajikuta naitazama.

Nesi wa Zamu ya Usiku,
Likoni

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Hiyo pole nimeitanguliza kwa sababu ninayoijua mimi, nawe utaiona mbele.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama pale ubaoni, kati ya samaki na dirisha. Maneno ya mama wa chumba 12 ni machafu, sitayapunguza. Lakini yalikuwa maneno ya mtu mmoja aliyelala kitandani. Meneja wako aliposhika kalamu ya kijani, yale ya kitandani yakawa amri ya kazi, sawa na amri ya kutompa samaki. Jambo lako liliharibikia hapo, na mimi nataka ulishikie hapo hapo.

Namjua meneja wako kwa sababu nimewahi kuwa upande wake. 1991 nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja hapa Pwani. Aliletwa mzee wa mjini, mtu wa nyumba ya roshani, mguu umemvimba kwa kidonda. Niliyekuwa naye zamu ni msichana wa Kiduruma tuliyesoma naye darasa moja. Kwa mikono alinishinda mbali, mshipa nilioutafuta mimi robo saa yeye aliupata kwa kidole kimoja. Alipokwenda na trei ya sindano, mzee alivuta shuka mpaka kidevuni akasema, "Mimi sidungwi na mtumwa." Wodi nzima ilisikia.

Metroni akanitazama mimi, mtoto wa Mji wa Kale, rangi ya chai ya maziwa, akaniashiria kwa kidevu. Nikaipokea ile trei mikononi mwa mwenzangu. Nikadunga. Mzee akaniombea dua ndefu, na metroni akasema nimeokoa jahazi. Mwenzangu alibaki amesimama pale pale, mikono imebaki na umbo la trei. Jioni tulipanda matatu moja, kiti kimoja, na sikumwambia hata pole. Baada ya miezi miwili aliomba uhamisho wa Kinango. Sisi tuliobaki tukasema anapenda kwao.

Kwa hivyo wale wasomaji wangu ambao tayari wameshika simu waniandikie kwamba Wazungu ndivyo walivyo, wangoje kidogo. Hapa Mombasa tuna msamiati mzima wa kupanga watu kwa rangi, kwa nywele, kwa pua na kwa upande wa kivuko alikotoka bibi yao, na wengi wetu tulilelewa nao kama tulivyolelewa kwa mahamri. Tofauti ni kwamba mimi nikiwa kwetu nilikuwa upande wa juu wa msamiati huo. Wewe uko kwa watu, peke yako, na viza yako mfukoni mwa anayekuonea.

Na hili nalo nalijua kutokana na siku ile. Mimi sikumchukia yule mwenzangu, wala metroni hakumchukia. Tulitaka wodi itulie, mzee adungwe, tukanywe chai. Huenda meneja wako hana chuki yoyote moyoni, na ukimwita mbaguzi atalia machozi ya kweli. Usishindane naye juu ya moyo wake. Moyo wake hauna shahidi. Ubao unao.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana muda unakwenda. Uingereza kuna sheria iitwayo Equality Act ya 2010, yaani Sheria ya Usawa. Mwajiri akimfanyia mfanyakazi vibaya kwa sababu ya rangi, uraia au asili yake, huo ni ubaguzi wa waziwazi, na ubaguzi wa waziwazi wa rangi kwa kawaida hautetewi. Hawezi kusema ni mteja aliyetaka, wala ni kwa amani ya nyumba. Yeye ndiye anayepanga zamu. Na kumgeuzia kibao mfanyakazi kwa kuwa amelalamika juu ya ubaguzi ni kosa la pili, lina kifungu chake katika sheria hiyo hiyo. Barua yako ya Aprili na majibu yao ya tarehe 28 zikiwekwa pamoja mezani, mtu wa sheria atazisoma kwa hamu kubwa.

Lakini mlango huo hufungwa. Muda wa kupeleka shauri kama hilo kwenye mahakama ya kazi umekuwa miezi 3 kasoro siku 1 tangu tendo lenyewe. Kuna sheria ya 2025 inayourefusha uwe miezi 6, ila inaanza kutumika kwa awamu, kwa hivyo wewe jihesabie ule mfupi. Toka tarehe 28 Aprili, mwisho wako ni 27 Julai. Ukitua tarehe 12 au 13 utabaki na wiki mbili, na nesi aliyetoka safari akaingizwa zamu za usiku huwa hajui hata leo ni siku gani. Kabla ya mahakama ni lazima upitie Acas, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi. Hawatozi kitu, na ukiwajulisha ndani ya muda, saa ya kuhesabu siku husimama wakati wanasuluhisha. Fomu yao hujazwa kwa intaneti. Intaneti ya Likoni inatosha. Yale ya Februari waeleze kwamba hayajakoma, kwamba ubao bado upo na zamu za usiku bado zipo, kwa sababu tendo linaloendelea halihesabiwi kama lililopita.

Lakini kabla ya Acas, RCN, na iwe leo. Mwanangu, umelipa miaka yote hiyo kama anayetoa zaka! Vyama vingi havimsaidii mtu kwa kesi iliyoanza kabla hajajiunga. Wewe ulijiunga tangu ulipofika, haki yako imekaa inakungoja. Waambie mambo matatu tu kwa mwanzo, ubao, zamu, barua, na tarehe ya kila moja. Machozi utawapa wakikupigia.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu najua utakachotaka kufanya siku ya kwanza ukirudi. Usiupige picha ule ubao kwa simu yako. Una majina ya wagonjwa na hali zao. Ukiupiga picha utakuwa umewapa kesi ya kweli ya kuvunja siri za wagonjwa, na hiyo ndiyo watakayoipeleka NMC, si lafudhi. Nakili maneno ya safu ile kwa mkono kwenye daftari lako, bila jina la yule mama, uandike tarehe, saa, na nani mwengine aliyekuwa ofisini. Kisha mwandikie meneja barua pepe fupi ya adabu: naomba unithibitishie kama maelekezo yaliyoandikwa ubaoni kuhusu wafanyakazi wa chumba 12 bado yanatumika. Umalizie hapo. Akijibu ndiyo, amekuandikia ushahidi kwa mkono wake. Akiufuta ubao usiku huo huo, barua pepe yako imebaki na tarehe yake.

Kuna jambo ambalo barua yako imelipita haraka, nalo kwangu mimi nesi ndilo zito kuliko yote. Sukari ya yule mama ilipanda mara mbili kwa sababu ya ubao. Kama angeanguka, asingeulizwa meneja kwanza. Angeulizwa nesi wa zamu, mwenye namba ya usajili, aliyekuwa milango mitatu kutoka hapo akipiga simu. Ukiona umekatazwa kumhudumia mgonjwa wako na mgonjwa anaumia, hilo limeshatoka kwenye kuonewa kwako wewe, limekuwa usalama wa mgonjwa. Andika kwenye faili lake kila mara, sukari ilikuwa ngapi saa ngapi, ulimpigia nani, alifika saa ngapi. Hapo England nyumba za wazee hukaguliwa na Care Quality Commission, na mfanyakazi yeyote anaweza kuwaeleza. Nimeona wakubwa wanaovumilia nesi wao atukanwe mwaka mzima. Mkaguzi wa sukari hawamvumilii hata siku moja.

Kuhusu kitisho cha NMC, usikidharau lakini usilale nacho. Lafudhi si kosa la kikazi. Mtihani wa lugha uliufanya na wao wenyewe wakaukubali. Waambie RCN juu ya kitisho hicho sasa, wasije wakakisikia siku barua ya baraza imefika. Na kwa faida yako tu, baraza hilo lenyewe lilichunguzwa na wachunguzi huru, na ripoti yao iliyotoka Julai 2024 ilikuta ubaguzi wa rangi umo ndani kwao. Walau wanajua harufu yake.

Umeuliza umjibu nini mama wa chumba 12. Ana haki ya kukataa sindano, maana akili yake timamu na mwili ni wake. Haki ya kuchagua rangi ya anayemdunga hana. Hata hospitali za serikali za kule, tangu Aprili 2020, zinaruhusiwa kumnyima mgonjwa anayewabagua wahudumu matibabu yasiyo ya dharura. Nyumba yenu ni ya kampuni, taratibu zake ni nyengine, lakini upepo unavumia huko. Wewe mwambie kwa sauti ile ile anayotumia yeye, wala usipandishe: "Mimi ndiye nesi wa zamu hii. Sindano yako hii hapa. Ukiitaka nitakudunga sasa. Ukiikataa nitaandika umeikataa, nitampigia daktari, na nitarudi baada ya nusu saa kukuuliza tena." Kisha ufanye hivyo hivyo, hata kama ni usiku wa kumi. Glovu usimvalie tena ili umridhishe. Vaa pale kazi inapotaka. Lakini usianze hayo kabla hujawaeleza RCN na kuandika ile barua pepe, maana kwa sasa uko chini ya amri ya ubao, na amri hupingwa kwa maandishi kwanza.

Yule mzee wa kusahau umemweleza vizuri kuliko vitabu, sina la kuongeza. Akianza, ondoka, rudi baada ya robo saa ukiwa dada yake.

Nirudi au nisirudi? Mume wako amesema neno la mapenzi na nampa heko, waume wengi wangeuliza kwanza habari za pesa. Lakini mimi nisingependa ubaki huku kwa hasira ya tarehe 12. Ukiacha kazi ghafla, mwajiri hutoa taarifa serikalini, na kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwengine au kuondoka. Siku 60 kijijini kwenye basi mara mbili kwa siku ni chache mno. Kaa kazini, na huku unatafuta. Ukipata mwajiri mwengine mwenye leseni ya kudhamini, akupe cheti chake, uombe viza upya, na usitoke ulipo mpaka ijibiwe. Ningekuwa wewe ningetafuta hospitali ya mji mkubwa, Leicester au Birmingham, mahali ambapo nesi mweusi akiingia wodini hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye uji wake. Wako watakaosema umekimbia. Hao hawajawahi kukaa mahali ambapo wao ndio habari ya siku.

Zile pauni 5,000, usizilipe na usiapie hutazilipa mpaka mkataba umesomwa na mtu anayejua. Miongozo ya serikali yao juu ya kuajiri wauguzi kutoka nje inataka madai ya aina hiyo yawe ya haki na yapungue kadiri unavyotumikia. Wewe umeshatumikia zaidi ya miaka miwili. Na kuna gharama, kama ile ada anayolipa mwajiri serikalini kwa kuajiri mgeni, ambazo haruhusiwi kabisa kukutwika. Waulize wameziweka humo ndani zipi. Kwa maandishi, tena kwa adabu.

Wakati huo huo, kabla hujapanda ndege, hakikisha leseni yako ya Baraza la Wauguzi la Kenya haijalala. Mtu mwenye pa kurudi huongea na meneja kwa sauti nyengine kabisa, hata asipokusudia.

Huyo mkulima wa pikapu mpelekee halua. Ya Mombasa, ya kwenye kikapu, si ya duka la uwanja wa ndege. Simwiti shahidi wala wakili. Ila umekaa kijiji hicho miaka miwili na unaweza kuhesabu waliokubeba, na yeye alikubeba siku nne bila kuulizwa. Mwambie kidogo yaliyokupata. Watu wanaofungulia redio badala ya kusema mara nyingi wanajua mengi juu ya majirani zao.

Sasa mamako. Mvumilivu hula mbivu, naam, lakini wazee wetu walikuwa wakisema juu ya embe, na embe likivumiliwa kupita kiasi linaliwa na popo. Usimgusie. Mkalishe kitako, umwambie yote, pamoja na samaki na dirisha. Unamwogopea presha, najua. Mimi ni mama pia, na presha yangu hupanda ninapoona mtoto anacheka kwa meno tu. Ukishamwambia, wale binamu wawili nao uwaambie, si uwakataze kwenda, bali waulize kabla ya kutia saini: nyumba iko wapi, weusi wako wangapi, basi hupita mara ngapi, ukiondoka unadaiwa nini. Ungeulizwa wewe maswali hayo 2023 pengine bado ungekwenda, lakini ungekwenda ukijua.

Na mikono. Hapo kalamu yangu ilisimama, mwanangu. Ningeweza kukuambia mikono yako haina kitu, nawe unalijua hilo, na bado ungeitazama. Yule mwenzangu wa 1991 nilimwona tena mara moja tu, kivukoni, miaka mingi baadaye, amebeba mjukuu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, na wakati wote ule mimi ndiye niliyekuwa naitazama mikono yake. Pole niliyokuwa nayo mdomoni nikashuka nayo ng'ambo.

Tarehe 12 bado. Mhariri atakupa nambari yangu. Njoo Jumanne jioni, uje na mkataba tuusome mstari kwa mstari, na ile barua ya Aprili. Mimi siku hizi nina kisukari, sindano yangu ni ya saa mbili usiku. Huwa najidunga mwenyewe. Jumanne nitakungoja wewe.